Paul Sabatier

Paul Sabatier (Carcassonne, 5 Novemba 1854 – Toulouse, 14 Agosti 1941) alikuwa mwanakemia kutoka nchi ya Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kugundua kwamba unga laini wa metali za kawaida, hasa nikeli, unaweza kuunganisha hidrojeni na kampaundi nyingi za kaboni kwa urahisi. Mwaka 1912 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Mfaransa mwenzake Victor Grignard.

Mmenyuko wa kikemia unaoitwa kwa jina lake, mmenyuko wa Sabatier, hugeuza dioksidi kabonia na hidrojeni kuwa methani na maji. Siku hizi mmenyuko huo unatumika katika vyombo vya anga-nje, na ni msingi wa mipango ya kugeuza takataka za wanaanga kuwa gesi zenye faida. Sabatier mwenyewe alifariki miaka 16 kabla ya satelaiti ya kwanza kurushwa.

Asichanganywe na Paul Sabatier mwingine (1858 – 1928), mchungaji Mprotestanti wa Ufaransa aliyeandika maisha ya Fransisko wa Asizi.

Utoto na elimu

Sabatier alizaliwa Carcassonne, mji wa kale wa Ufaransa kusini unaojulikana kwa ngome yake. Alisoma katika mji huo na baadaye Toulouse. Mwaka 1874 aliingia École Normale Supérieure mjini Paris, chuo kilichoandaa walimu na watafiti bora wa nchi. Alimaliza mwaka 1877 akiwa wa kwanza katika mtihani wa walimu wa fizikia.

Kwa mwaka mmoja alifundisha shule ya sekondari katika mji wa Nîmes. Mwaka 1878 akarudi Paris kuwa msaidizi wa Marcellin Berthelot, mwanakemia mashuhuri kupita wote nchini Ufaransa wakati ule, katika Collège de France. Huko alipata shahada ya udaktari mwaka 1880 kwa utafiti juu ya salfa na sulfidi za metali.

Mwalimu wa Toulouse

Baada ya muda mfupi Bordeaux, Sabatier alihamia Toulouse mwaka 1882. Mwaka 1884, alipotimiza miaka 30, alifanywa profesa wa kemia katika chuo kikuu cha huko. Hakuhama tena. Alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi kuanzia 1905 hadi 1929, akastaafu mwaka uliofuata.

Uamuzi wa kubaki mkoani haukuwa jambo dogo. Katika Ufaransa ya siku zile, maabara kubwa, fedha na vyeo vya sayansi vilikuwa Paris. Mwaka 1907, baada ya Henri Moissan na Berthelot kufariki, Sabatier aliitwa Paris kushika nafasi ya juu, akakataa. Kukataa huko kulikuwa na gharama yake: kwa kanuni za Akademia ya Sayansi, mtu asiyeishi Paris hakuweza kuwa mwanachama kamili. Alibaki mwanachama mshiriki tangu 1901. Mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel, akademia iliunda kundi jipya la wanachama wasioishi Paris, na Sabatier akawa wa kwanza kuchaguliwa.

Mjini Toulouse alishiriki kuanzisha taasisi tatu zilizounganisha sayansi na kazi za watu: taasisi ya kemia (1906), ya umeme (1907) na ya kilimo (1909).

Katika maisha ya nyumbani alikuwa na mabinti wanne. Mke wake alifariki mwaka 1898, naye hakuoa tena. Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mkimya, mwenye haya, aliyependa sanaa na bustani.

Ugunduzi wa kazi ya nikeli

Ugunduzi mkubwa wa Sabatier ulianza kwa swali lililoelekea kwingine. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba nikeli inaweza kuungana na gesi ya monoksidi kabonia na kufanya kampaundi inayogeuka mvuke kwa urahisi. Sabatier akajiuliza kama kuna gesi nyingine zinazoweza kuungana na metali kwa namna hiyo. Alianza na oksidi za nitrojeni, kisha akafikiria ethilini na asetilini, ambazo ni gesi za kaboni na hidrojeni.

Mwaka 1896 akapata habari kwamba Moissan na Charles Moureu walikuwa wamepitisha asetilini juu ya nikeli. Aliwaandikia kwanza kuwauliza kama wangependa kuendelea na utafiti huo. Walipokuwa hawana nia hiyo, Sabatier aliendelea mwenyewe akishirikiana na Jean-Baptiste Senderens (1856 – 1937), padri Mkatoliki aliyefundisha kemia mjini Toulouse.

Mwaka 1897 wawili hao walipitisha ethilini juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto hadi karibu sentigredi 300. Nikeli ilijaa kaboni nyeusi. Jambo hilo halikuwa la ajabu, kwa sababu ethilini ilikuwa imevunjika. Lakini walipochunguza gesi iliyotoka upande wa pili waliona kuwa ndani yake mna ethani nyingi. Molekuli ya ethani ni molekuli ya ethilini iliyoongezewa atomu mbili za hidrojeni. Kwa hiyo sehemu ya ethilini ilivunjika na kutoa hidrojeni, na hidrojeni hiyo ikaungana na ethilini iliyobaki. Kilichowezesha muungano huo ni nikeli, nayo yenyewe haikutumika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchanganya ethilini na hidrojeni tangu mwanzo na kupitisha mchanganyiko juu ya nikeli. Mmenyuko ulifanyika bila hata joto kali. Mwaka 1901 waliweza kugeuza benzini kuwa sikloheksani, kazi iliyokuwa ngumu sana kwa njia za awali.

Wanakemia wa kabla yao walikuwa wamefanya machache ya namna hii kwa kutumia platini. Lakini platini ni metali ya bei kubwa. Nikeli ni rahisi kupatikana, na chombo cha Sabatier kilikuwa cha kawaida mno: bomba la kioo lililowekewa unga wa nikeli, moto wa kiasi chini yake, gesi ikiingia upande mmoja na mazao yakitoka upande wa pili. Jambo lililohitaji uangalifu mkubwa lilikuwa usafi. Sabatier aliona kwamba salfa, klorini au aseniki hata kidogo sana huua nguvu ya nikeli kana kwamba imelishwa sumu.

Nadharia ya kichocheo

Kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kumalizika huitwa kichocheo. Wakati wa Sabatier wataalamu wengi waliamini kwamba metali huchochea kwa sababu gesi hubanwa ndani ya vitundu vyake vidogo, hivyo molekuli hukaribiana na kupata joto.

Sabatier hakukubali. Kama ni vitundu tu, alihoji, mbona metali moja hufanya kazi hii na nyingine haifanyi, na mbona metali tofauti hutoa mazao tofauti kutokana na kitu kilekile? Alieleza kwamba juu ya uso wa metali hufanyika kampaundi ya muda isiyo imara, yaani hidrojeni hushikamana na nikeli, kisha huachiliwa na kuhamia kwa molekuli nyingine. Nikeli hubaki huru kupokea hidrojeni mpya. Maelezo ya leo yana undani zaidi, lakini wazo kwamba uso wa kichocheo hushiriki kikemia katika mmenyuko limebaki. Sabatier alikusanya kazi yake katika kitabu juu ya vichocheo katika kemia ya kaboni, kilichotolewa mwaka 1913.

Mmenyuko wa Sabatier

Mwaka 1902 Sabatier na Senderens walitangaza kwamba nikeli huwezesha hidrojeni kuungana pia na monoksidi kabonia na dioksidi kabonia. Katika hali zote mbili hutokea methani na maji. Kwa dioksidi kabonia mmenyuko huandikwa hivi:

CO₂ + 4H₂ → CH₄ + 2H₂O

Kwa uzito, gramu 44 za dioksidi kabonia na gramu 8 za hidrojeni hutoa gramu 16 za methani na gramu 36 za maji. Mmenyuko huu hutoa joto. Kwa hiyo ukishaanza hauhitaji moto mwingi kutoka nje. Kazi kubwa ni kuzuia joto lisizidi, kwa kuwa joto likipanda mno mmenyuko huanza kurudi nyuma.

Tuzo ya Nobel na suala la Senderens

Sabatier alipewa nusu ya tuzo ya kemia ya mwaka 1912 kwa mbinu yake ya kuongeza hidrojeni kwenye kampaundi za kaboni kwa msaada wa metali zilizosagwa laini. Nusu ya pili ilikwenda kwa Grignard kwa ugunduzi mwingine.

Senderens hakutajwa, ingawa taarifa nyingi za miaka muhimu zilikuwa na majina ya watu wote wawili na tayari walikuwa wamewahi kutuzwa pamoja na Akademia ya Sayansi ya Paris. Sabatier alisikitika kwamba mwenzake hakushirikishwa. Kwa upande mwingine, ni Sabatier aliyeanzisha utafiti huo na aliyetunga nadharia yake, naye aliendelea na kazi hiyo akiwa na washirika wengine, kama Alphonse Mailhe, baada ya Senderens kuondoka. Suala la nani anastahili sifa ya kazi ya watu wawili limeendelea kujadiliwa na wanahistoria wa sayansi.

Pamoja na Nobel, Sabatier alipewa Medali ya Davy ya Royal Society ya London mwaka 1915, na mwaka 1918 alichaguliwa kuwa mwanachama wa kigeni wa jumuiya hiyo.

Matumizi viwandani

Sabatier alishughulikia hasa gesi na mvuke. Mjerumani Wilhelm Normann aliihamishia mbinu hiyo kwenye mafuta ya maji, akaomba hataza mwaka 1902. Mafuta ya mimea yakiongezewa hidrojeni huganda. Ndiyo asili ya majarini na mafuta magumu ya kupikia yaliyouzwa kwa makopo katika maduka ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Baadaye ilijulikana kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu kwa njia hii huwa na aina ya mafuta inayoongeza hatari ya maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani limezihimiza nchi kuyaondoa katika vyakula.

Matumizi mengine hayaonekani na mlaji. Mbolea kama urea hutengenezwa kutokana na amonia, na amonia hutengenezwa kwa kuunganisha nitrojeni na hidrojeni juu ya kichocheo cha chuma. Monoksidi kabonia na dioksidi kabonia zikibaki hata kidogo katika hidrojeni hiyo huharibu kichocheo. Kwa hiyo viwanda vingi vya amonia hupitisha gesi juu ya nikeli ili mabaki hayo yageuke methani, isiyo na madhara kwa chuma. Mkulima wa mahindi wa Sumbawanga anayenunua mfuko wa urea ananunua pia, bila kujua, matunda ya jaribio la mwaka 1902.

Matumizi katika anga-nje

Katika chombo cha anga-nje kila kilo ya maji na oksijeni hubebwa kutoka duniani kwa gharama kubwa. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga-nje oksijeni hutengenezwa kwa kupitisha umeme ndani ya maji, yanayovunjika kuwa oksijeni na hidrojeni. Kwa miaka mingi hidrojeni ilitupwa nje, na vilevile dioksidi kabonia iliyotolewa na wanaanga kwa pumzi. Mwaka 2010 mtambo wa Sabatier ulifikishwa kituoni ukaanza kuunganisha takataka hizo mbili ili kupata maji. Mtambo huo ulirudishwa duniani mwaka 2017. Mwaka 2018 Shirika la Anga la Ulaya lilipeleka mtambo mwingine unaotumia mmenyuko huohuo.

Njia hii ina mpaka wake. Kwa kila molekuli moja ya oksijeni inayopatikana katika maji, hupatikana molekuli mbili tu za hidrojeni, ilhali mmenyuko wa Sabatier hudai nne kwa kila dioksidi kabonia. Kwa hiyo karibu nusu ya dioksidi kabonia hukosa hidrojeni ya kuungana nayo. Tena methani iliyotupwa nje ya kituo iliondoka na nusu ya hidrojeni iliyotumika.

Kwa safari ya sayari ya Mirihi methani hiyo ingekuwa mali, kwa sababu ni fueli ya roketi. Hewa ya Mirihi ina takriban asilimia 95 ya dioksidi kabonia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wamarekani Robert Zubrin na David Baker walipendekeza kubeba hidrojeni tu kutoka duniani na kutengeneza fueli ya kurudia hukohuko Mirihi. Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 1 ya hidrojeni pamoja na kilo 5.5 za dioksidi kabonia hutoa kilo 2 za methani na kilo 4.5 za maji. Maji hayo yakivunjwa kwa umeme hutoa kilo 4 za oksijeni na nusu kilo ya hidrojeni, ambayo hurudishwa katika mtambo. Mzunguko ukiendelea hadi hidrojeni iishe, kilo 1 iliyobebwa huzaa kilo 4 za methani na kilo 8 za oksijeni.

Kugeuza takataka kuwa gesi

NASA inakadiria kwamba wanaanga wanne huzalisha takriban kilogramu 2,500 za taka kwa mwaka: vifungashio vya chakula, mabaki ya chakula, nguo zisizofuliwa, vitambaa vya kujisafishia na kinyesi. Katika kituo kinachozunguka dunia, taka hujazwa katika chombo cha mizigo kinachoungua kikirudi katika angahewa. Chombo kinachokwenda Mirihi hakina nafasi hiyo. Taka zingejaza vyumba, kunuka na kuzalisha vijidudu, na uzito wake ungedai fueli zaidi.

Kwa sababu hiyo watafiti wa NASA katika Kituo cha Kennedy, Florida, wamejaribu kugeuza taka kuwa gesi. Taka hukatwa vipande vidogo, kisha hupashwa joto kali pamoja na oksijeni ndani ya tanuri lililofungwa. Kaboni iliyomo hugeuka monoksidi na dioksidi kabonia, na hidrojeni iliyomo hutoka kama maji au kama gesi. Maji hutengwa na kusafishwa. Gesi za kaboni huweza kupelekwa katika mtambo wa Sabatier, huko zikaongezewa hidrojeni na kuwa methani. Gesi zisizohitajika huweza kutolewa nje, na kinachobaki ni majivu machache.

Ugumu mmojawapo ni moto wenyewe. Duniani hewa ya moto hupanda na hewa mpya huingia chini yake. Mahali pasipo na uzito hakuna juu wala chini, hivyo gesi na vipande vya taka havichanganyiki vyenyewe. Kwa ajili ya kuchunguza jambo hilo, Desemba 2019 tanuri dogo la majaribio liitwalo OSCAR lilirushwa katika roketi ya New Shepard ya kampuni ya Blue Origin na kupata dakika chache za kutokuwa na uzito. Ugumu mwingine ni ule aliouona Sabatier: plastiki nyingine zina klorini na taka za mwili zina salfa, na zote ni sumu kwa nikeli. Gesi ya taka isiposafishwa vizuri, kichocheo hufa.

Methani ya mitambo na methani ya samadi

Methani ya Sabatier haina tofauti ya kikemia na ile inayopatikana katika biogesi. Tofauti ni njia. Katika biogesi, bakteria na vijidudu vingine huozesha samadi au mabaki ya mimea mahali pasipo na hewa, kwa joto la kawaida na kwa muda wa wiki kadhaa. Nchini Tanzania mitambo ya namna hiyo imeenezwa na kituo cha CAMARTEC cha Arusha tangu miaka ya 1980, na huko Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yametumika kutoa biogesi ya kuzalisha umeme. Wakulima wa Ufipa nao, kwa kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo ili yaoze, wametumia taka za shamba kama mbolea tangu zamani.

Kwa kijiji chenye ng'ombe, njia ya bakteria ni bora: haihitaji hidrojeni, umeme wala nikeli, na tope linalobaki ni mbolea. Kwa chombo cha anga-nje ni ya polepole na inahitaji matangi makubwa. Mmenyuko wa Sabatier hufanyika haraka ndani ya mtambo mdogo, lakini hidrojeni yake lazima itengenezwe kwa umeme. Siku hizi nchi kadhaa za Ulaya zinaunganisha njia zote mbili. Biogesi huwa na dioksidi kabonia nyingi pamoja na methani, na hidrojeni iliyotengenezwa kwa umeme wa upepo au jua hutumika kuigeuza dioksidi hiyo nayo kuwa methani.

Kifo na kumbukumbu

Sabatier alifariki Toulouse tarehe 14 Agosti 1941, akiwa na umri wa miaka 86, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Chuo Kikuu cha Toulouse III, kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya sayansi na tiba, kilibeba jina lake, na shule ya sekondari ya Carcassonne inaitwa Paul Sabatier. Toulouse, mji ambao hakukubali kuuhama, umekuwa kitovu cha utengenezaji wa ndege na satelaiti barani Ulaya.